Shajara ya mradi: wiki ya Nane Nane darasani kwetu

Alhamisi 31 Julai

Wiki yenyewe inaanza Jumatatu ila kazi imeanza leo. Naandika kila siku nikishaweka watoto kwenye gari la kurudi nyumbani, ili mwakani nisianze tena sifuri.

Darasa la awali, watoto 26, wengi miaka mitano, tuko Morogoro mjini upande wa Mazimbu. Nane Nane, sikukuu ya wakulima, kwetu sio sikukuu ya kusikia redioni. Viwanja vya maonyesho ya Kanda ya Mashariki viko hapahapa mjini, Agosti ikiingia tu Tanga wanakuja, Pwani wanakuja, Dar wanakuja, mtoto anaona matrekta yanapita barabarani, alafu anafika darasani mimi nampa kopi ya mkulima kashika jembe apake rangi. Nimeichoka hiyo. Mwaka juzi nilifanya hivohivo, wakapaka vizuri tu, nikamuuliza mmoja huyu anafanya nini akanijibu "anafagia". Yaani ile picha haikumwambia kitu, na kosa sio lake.

Mwaka huu nataka mambo mawili basi. Namba 8 waijue kwa mikono na miguu kabla ya penseli, maana sikukuu ni tarehe nane mwezi wa nane, namba imejileta yenyewe. Na chakula kinatoka wapi.

Leo tumepanda maharage kwenye pamba. Nimewahi makusudi, maharage yanataka siku nne tano hadi mzizi uonekane na kipindi hiki kuna ubaridi, ukipanda Jumatatu sikukuu inafika hamna cha kuangalia. Makundi nane, sita yana watoto watatu watatu na mawili yana wanne wanne. Kila kundi chupa moja ya maji iliyokatwa nusu, nimekata jana usiku nyumbani nikazungushia selotepu kwenye makali yote, maharage manane yamebanwa kati ya pamba na ukuta wa chupa ili mzizi ukitoka tuuone. Wamehesabu wenyewe. Kundi la tatu wamehesabu mara nne kwa sababu kila wakifika saba kuna mtu anadondosha moja.

Jumatatu 4 Agosti

Asubuhi hamna aliyetaka kusikia habari ya namba nane, wote ni Taifa Stars, Jumamosi tumewafunga Burkina Faso mbili bila kwa Mkapa na humu ndani kila mtu alikuwa uwanjani eti. Nikawaachia dakika kumi washangilie alafu tukaingia kazini.

Ijumaa nilituma ujumbe kwenye grupu la wazazi, kila mtoto aje na konzi moja ya kitu chochote kinachopandwa kilichopo nyumbani, msinunue. Jamani wazazi wamenifurahisha. Mchele, mtama, ulezi, kunde, mbaazi, choroko, ufuta, alizeti, njugu mawe, mtoto mmoja ambaye kwao ni huko juu milimani Uluguru kaja na iliki, darasa zima likawa linanusa. Tumepanga kwenye trei za mayai, kila shimo aina yake.

Hapa kuna jambo la muhimu. Mmoja kaja na mahindi ya pinki. Mazuri, yanang'aa, watoto wakayakimbilia. Yale ni mahindi ya mbegu kutoka duka la pembejeo, ile rangi ni alama kwamba yamepakwa dawa, sio ya kushikwa na mtoto anayekula kucha. Nikayaondoa hapohapo, tukanawa mikono wote kwa sabuni, mzazi nikampigia kumweleza, akashtuka, kumbe alichota tu kwenye gunia la baba bila kuwaza. Mwakani ujumbe utasema wazi: nafaka ya kula, sio ya duka la pembejeo.

Alafu mtoto mmoja kaja na unga. Unga wa sembe kwenye kibakuli chenye mfuniko. Mwenzake akamwambia "hiyo sio mbegu" na akaanza kununa, machozi yako karibu kabisa. Nikakaa chini nao nikauliza, haya, unga unatoka wapi? Wakajibu kwa pamoja kama wimbo, "kwa Mangi!", yule wa duka la mtaani. Na Mangi anautoa wapi? Kimya. Mmoja akasema sokoni. Na sokoni? "Kwenye gari." Wakabishana wee, mpaka kengele ya uji ikagonga hatujafika kwenye mahindi.

Nikabadilisha mpango wa wiki palepale nimesimama. Nilikuwa nimepanga kuanza na mbegu kwenda mbele hadi chakula, kama vitabu vinavyofanya. Sasa tutaanza na huu unga kwenye kibakuli na tutarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka tulifikie shamba, kwa sababu mtoto wa mjini anaanzia hapo, kwa Mangi. Nimechora duka kwenye kadi nikabandika ukutani peke yake, upande wa kushoto nafasi tupu.

Mchana tukaandika 8. Karibu wote wanachora miduara miwili mmoja juu ya mwingine, kama mtu asiye na mikono. Sikuwasahihisha leo.

Alafu likatokea ambalo sikulitegemea ingawa nilipaswa, mtoto kaingiza choroko puani. Hakulia, alikuja kuniambia taratibu kabisa "mwalimu imeingia". Sikujaribu kuitoa mwenyewe kwa sababu ukisukuma inazama zaidi, tukampeleka zahanati ya jirani, nesi akaitoa dakika chache tu, mama yake nikampigia tukiwa bado njiani. Ameshacheka na wenzake, mimi mikono ilitetemeka mpaka jioni. Kuanzia kesho kuhesabu ni kwa visoda na magunzi, nafaka ndogo zinakaa kwenye trei na zinaguswa mimi au mwenzangu tukiwa tumekaa hapo. Tena magunzi yamekuwa mazuri kuliko choroko, makubwa, yanapangika, na ukilichovya kwenye rangi ukalizungusha juu ya karatasi linaacha vidoti vya kupendeza.

Jumanne 5 Agosti

Siku ya bibi.

Bibi wa mtoto mmoja alikubali kuja na kinu, mchi, ungo na chekeche. Kaja na bajaji, kinu kimekaa siti ya nyuma pembeni yake kama abiria. Watoto wakasimama wote "shikamoo bibi", akaitikia "marahaba wajukuu zangu" akawatazama mmoja mmoja, alafu akaniuliza mimi, "mwanangu, hawa wote wa kwako?" Nikamjibu wote bibi. Akasema haya basi, tufanye kazi.

Hakutoa hotuba. Akamwaga mahindi yaliyolowekwa kwenye kinu akaanza kutwanga, watoto wakasogea mpaka nikalazimika kuchora duara la chaki chini kwamba huu mstari hauvukwi mchi ukiwa juu. Baadae akawaruhusu wawili wawili washike mchi mwepesi pamoja naye, na hapo ndo tukahesabu, mapigo manane kila wawili alafu wanapisha. Ukitaka mtoto ajue nane mpe mchi. Ukifika sita mikono imechoka, saba unamwona anakaza midomo, nane anaiachia na pumzi yote, hiyo nane hawezi kuiruka wala kuisahau.

Kupepeta ndo sehemu niliyoipenda mimi. Ungo unarushwa kidogo tu, kifundo cha mkono ndo kinacheza, pumba zinakuja mbele zinadondoka, punje zinarudi nyuma kwa bibi, na kuna ule mlio, shaa, shaa, shaa, watoto wakaanza kuuitikia kwa midomo bila kuambiwa. Wakajaribu na vitrei, pumba na mahindi vikaenda chini vyote kwa pamoja. Mtoto mmoja tu aliweza. Huyu ni mtoto ambaye kwenye kuandika tunahangaika naye sana, penseli anaishika kwa ngumi, na leo kashika kaungo kadogo ka bibi akapepeta kama mtu mzima, kidole gumba juu, viganja vimelegea. Bibi akamuuliza nani kakufundisha, akasema "hakuna, namuonaga mama". Nimeandika kwenye daftari langu la maendeleo ya mtoto. Mikono yake iko tayari kabisa, ni mimi ndo nimekuwa nikimpa penseli nyembamba mapema. Kesho anapata chaki nene na ukuta.

Bibi alipotoa chekeche akauliza hiki kinaitwaje, wakakisia chujio, ungo, kikapu. Akasema chekeche. Mmoja akaruka, "kama sisi! sisi chekechea!" Basi siku nzima ikawa chekeche la chekechea, chekeche la chekechea, mpaka kwenye gari la kurudi.

Wakati bibi anapumzika tukaenda uani. Nilimwaga majivu chini kuchora 8 kubwa, urefu kama hatua kumi na mbili za mtoto. Unaanzia juu, unakata kona kuja kushoto, unapita katikati kwenda kulia, unazunguka chini, unarudi kupita katikati tena unapanda hadi ulipoanzia, bila kunyanyua mguu kwenye majivu. Walipokuwa mmoja mmoja ilikwenda vizuri. Nilipowaachia watano kwa pamoja wakagongana katikati, mmoja akadondoka, na kabla sijaongea mwenyewe kasimama akasema hapa lazima mtu asubiri. "Mwalimu hizi ni kipilefti mbili zimeshikana." Kwa hiyo nane darasani kwetu sasa hivi inaitwa kipilefti mbili, na ukifika katikati unaangalia kama kuna mtu. Miduara miwili imeanza kupungua kwenye karatasi za mchana, nimehesabu 11 walioandika kwa mstari mmoja, jana walikuwa wanne.

Ukutani tumeongeza kadi ya mashine. Bibi aliwaambia siku hizi mashine ya kusaga ndo kinu kikubwa, wakaelewa mara moja.

Jumatano 6 Agosti

Siku ya huzuni kidogo kwenye kona ya maharage. Chupa tano zimeota vizuri, mizizi meupe imeshuka, moja ina kitumba kimeanza kujikunja juu kama mtu anaamka. Chupa tatu zinanuka. Nilipofungua pamba maji yamejaa, maharage yamevimba yamepasuka na utelezi.

Nikauliza nani anamwagilia. Kila mtu. Asubuhi wakifika, wakienda chooni wakirudi, wakinywa uji. Mtoto wa kundi la sita kaniambia "yalikuwa na kiu" na alikuwa amemaanisha kabisa. Nilisema mwagilieni kila siku, sikuwaambia kiasi gani, na kwa mtoto kumpenda kitu ni kukipa zaidi. Mbegu nayo inavuta hewa, ikizama inakufa. Nilivowaeleza hivo mmoja akauliza "kama mtu?" nikamwambia ndio, kama mtu kwenye maji, wakanyamaza wote.

Tumeanza upya chupa tatu. Sheria mpya ni kizibo kimoja cha soda kwa siku, asubuhi tu, na kila kundi lina mtu mmoja wa zamu mwenye utepe mkononi. Sikuficha zilizooza, nimeziacha siku nzima kwenye meza karibu na nzima ili waone tofauti, tukazichora zote mbili.

Kadi ya leo ni gunia. Tukaingia kwenye panya, kwa sababu ukisema gunia la mahindi kuna mtoto lazima aseme panya. Wote wanawachukia. Nikawapa habari ya Magawa, panya buku aliyezaliwa hapahapa Morogoro, akafundishwa na shirika la APOPO pale chuo kikuu cha kilimo, SUA, kunusa mabomu ya ardhini, akapelekwa Kambodia akagundua mabomu 71, na mwaka 2020 akavishwa medali ya dhahabu ndogo ya saizi yake, aliyopewa na shirika la wanyama la Uingereza, PDSA. Alikufa Januari 2022. Haikuwa kwenye mpango wa Nane Nane ila walisikiliza bila kukohoa, na swali la kwanza lilikuwa medali aliivaaje.

Chaki nene na ukuta: yule mtoto wa ungo kaandika 8 tatu. Ya tatu imefunga vizuri.

Alhamisi 7 Agosti

Tumeenda maonyesho. Tumeenda leo badala ya kesho kwa sababu kilele kinajaza watu na mtoto wa miaka mitano kwenye umati haoni kitu zaidi ya magoti. Tumeingia saa tatu kasoro kabla jua halijawaka. Wazazi sita walijitolea, kila mtu mzima na watoto wake, utepe wa rangi ya kundi mkononi, na namba ya simu ya shule imeandikwa kwa peni kwenye mkono wa kila mtoto. Tulihesabu watoto kila tunapotoka banda moja, sikumbuki mara ngapi, nyingi.

Niseme wazi kwa atakayeiga, mabanda yenye spika kubwa yapite mbali. Watoto wanne walilia kwa kelele tu, na mmoja alikataa kabisa kuendelea mpaka mama mmoja akambeba. Tukahamia upande wa mifugo na vipando, huko ndo kwao. Ng'ombe wa maziwa, sungura, kware, perege kwenye tenki la maji. Kwenye perege tulikaa muda mrefu kuliko popote, nikaacha, sikuona sababu ya kuwakokota.

Ila kilichonipeleka mimi ni vipando vya mahindi. Mahindi ya kumwagilia, yamesimama marefu kuliko mimi, ndevu ndo zinaanza kukauka nchani. Kulikuwa na afisa ugani kijana, mpole. Yule mtoto wa unga akasogea akaangalia juu, akaangalia chini, akauliza kwa sauti ya mtu aliyechoka kusubiri tangu Jumatatu, "sasa unga uko wapi hapo?"

Yule kijana hakucheka. Akaomba ruhusa kwa mwenzake, akavunja hindi moja, akachuchumaa akaanza kumenya maganda, moja, jingine, jingine, watoto wakaanza kuhesabu wenyewe na walifika nane na maganda bado yapo. Akazitoa ndevu akampa mmoja ashike, zilikuwa na unyevu zinanata. Alafu akachukua punje moja ikiwa bado kwenye gunzi akaiminya kwa ukucha wa dole gumba, pwii, maji meupe yakaruka yakamdondokea mtoto kwenye shavu. "Unga uko humu," akamwambia, "saivi bado ni maziwa. Ukiliacha likauke, haya maziwa yanaganda yanakuwa mgumu, ndo mnaenda kusaga." Mtoto akajifuta shavu kwa kidole, akakilamba. Akawaambia wenzake, "tamu."

Basi wote wakataka kuminya. Hindi lile liliisha lote, punje kwa punje, na mimi nimesimama pale nafikiria nimefundisha miaka mingapi kwamba unga unatokana na mahindi, nimelisema mbele ya watoto sijui wangapi wakalirudia kwa sauti vizuri kabisa, na sijawahi hata siku moja kumwonyesha mtoto sehemu ambapo unga unaanzia.

Tumerudi saa sita kasoro. Kiatu kimoja kimepotea, cha kushoto. Vumbi mpaka kwenye kope.

Ijumaa 8 Agosti

Sikukuu, hamna shule. Nimewatumia wazazi picha na maelezo mafupi ya wiki. Majibu yanakuja tangu asubuhi, voisi nyingi. Mama mmoja kasema mtoto kagoma kula wali mpaka aambiwe umelimwa wapi, akampigia babu yake Ifakara simu wakaongea ndo akala. Mama wa yule mtoto wa unga kanipigia kabisa, alikuwa na aibu, anasema madam nisamehe Jumatatu nilimpa unga kwa sababu ndani hamkuwa na nafaka nyingine na nilikuwa nawahi kazini. Nimemwambia mama, bila ule unga wako hii wiki isingekuwepo. Nilitaka aelewe kwamba simfariji, nilimweleza hatua zote kuanzia Mangi mpaka kwenye maziwa ya hindi, akanyamaza, akasema "kumbe ndo maana jana kamwambia baba yake unga una maziwa, tukadhani anataka uji."

Kuna mzazi ameuliza mbona watoto hawakuandaa ngonjera ya Nane Nane kama shule nyingine. Nimemjibu kwa heshima kwamba ngonjera ya watoto wa miaka mitano inakula wiki mbili za mazoezi, wanakariri maneno ya watu wazima, na anayefurahi ni sisi tuliokaa kwenye viti. Huo ndo msimamo wangu.

Gharama: selotepu, pamba, manila, rangi, bajaji ya bibi kwenda na kurudi, mfukoni kwangu imetoka 23,500. Usafiri wa Alhamisi wazazi walichanga.

Jumatatu 11 Agosti

Tumefunga mradi leo asubuhi kwa kadi za ukutani. Nimezibandua zote nikazimwaga mkekani, nikawaachia wazipange bila mimi. Mbegu, mmea, hindi, gunia, mashine, duka la Mangi, sufuria. Walibishana kidogo kati ya mashine na gunia, wengine wanasema gunia linakuja mara mbili, kabla na baada ya kusaga, na wako sahihi. Walipomaliza wakahesabu. Saba. Hawakuridhika, wiki nzima kila kitu kilikuwa nane. Mmoja akataka tumbo, mwingine sahani, yule wa unga akawa anaangalia kadi ya Mangi na ya sufuria, akasema "bado anayesonga". Akachora mtu ana mwiko mrefu kuliko mwili wake, akaweka katikati ya Mangi na sufuria, wenzake wakasogeza kadi kumpisha. Nane.

Walioandika 8 kwa mstari mmoja ni 21. Watano bado ni miduara miwili, hao tunarudi kwenye majivu wiki hii bila haraka. Wawili kati yao hawakuwepo Jumanne.

Mtoto mmoja kamwona buibui kwenye kona ya dari wakati wa uji, akapanda juu ya kiti kuhesabu miguu, nikamkuta yuko wa sita nikamshikilia kiti amalize.

Chupa tatu za kundi la pili, la nne na la sita zilikosa maji siku tatu mfululizo kwa sababu ya sikukuu na wikiendi, ila pamba ilikuwa bado na unyevu na kundi la nne mzizi umetoka mmoja. Kesho tunahamishia miche ya zile tano kwenye udongo nyuma ya jiko ambapo maji ya kuoshea vyombo hayafiki. Kundi la nne wameomba chupa yao ibaki darasani dirishani. Nimekubali, kizibo kimoja kwa siku, mwenye zamu kesho ameshavaa utepe leo.